Yule mnyama wa kwenye simu hakuvuliwa Wagenia

KISANGANI – Picha ilifika kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia yetu saa tatu usiku, umeme ulipokuwa umerudi na kila mtu alikuwa anachaji simu. Mwanaume mwenye glavu za buluu ameshika kwa mikono miwili kitu cha rangi ya kijivu, kama mende aliyenenepa mpaka akalingana na paka. Chini ya tumbo kuna miguu mingi. Mgongoni kuna ganda la vipande vilivyopandana kama mabati ya nyumba, na kichwani macho mawili bapa yanayong'aa. Chini ya picha mtu ameandika kwamba mnyama huyo amevuliwa Boyoma, kwenye maporomoko ya Wagenia, na kwamba kuanzia leo watu wasinunue tena kosakosa. Mwishoni kabisa, kama kawaida: sambazeni.

Kosakosa, kwa msomaji wa Bukavu au Kalemie ambaye hatumii jina hilo, ni kamba wa mto, wale ambao hapa kwetu tunakula na ndizi au wali siku pesa inapopatikana.

Mimi ningeifuta picha na kulala. Lakini mama mdogo wangu anauza samaki sokoni, na asubuhi alinipigia simu. Mteja mmoja alikuwa amesimama mbele ya sinia lake, ameshika simu, anaonyesha picha hiyo kwa kila anayepita. Kufikia saa sita mchana kosakosa walikuwa bado pale. Jioni aliwauza nusu bei, waliobaki akawapeleka nyumbani kuwakausha juu ya moto. Kwa mtu anayechukua mali asubuhi kwa deni na kulipa jioni, hiyo si habari ya kuchekesha. Kwa sababu mimi ndiye mwandishi wa habari wa familia, alinitaka nimwambie kwa kifupi: ni kweli au ni uongo?

Jibu ni kwamba mnyama ni wa kweli, na maneno yaliyo chini ya picha ni ya uongo. Lakini nilipoanza kumfuatilia mnyama huyo nilikuta kwamba mto wetu una uhusiano na dunia yake kuliko nilivyodhani, na kwamba uhusiano huo umewahi hata kutukatia intaneti.

Mdudu wa chini ya jiwe, mara thelathini

Jina lake la kitaalamu ni Bathynomus giganteus. Wataalamu wanamweka katika kundi la isopodi, ndani ya ukoo mkubwa wa krustasea, yaani kaa, kamba na jamaa zao wote wenye ganda nje na miguu ya viungo. Ndugu zake wa nchi kavu unawafahamu. Inua tofali lililokaa muda mrefu uani, au gogo linalooza, utaona vidudu vya kijivu vidogo kama punje ya maharage vinavyokimbia, na vingine vinavyojikunja kuwa duara. Ni mwili uleule, miguu ileile 14, isipokuwa huyu wa baharini kwa kawaida ana urefu wa kati ya sentimita 19 na 36. Mwaka 2010 chombo kisicho na rubani kilichokuwa kikifanya kazi chini ya Ghuba ya Mexico kilipanda juu na mmoja aliyejishika kwake, na waliompiga picha walisema ana sentimita 76. Tangu hapo picha za aina hiyo zinazunguka dunia, kila nchi ikimpa mto wake.

Anaishi chini ya bahari, katika giza na baridi, kuanzia mita 170 hivi mpaka zaidi ya 2,000. Hapo ndipo uongo wa picha ya Wagenia unapoonekana hata bila kompyuta. Maji yetu ni ya vuguvugu, ni matamu, na pale wavuvi wanapofunga vikapu vyao kwenye miti ni ya kina kifupi, yanakwenda mbio. Mnyama huyu angekufa hapo kabla hata ya kufika kwenye kikapu.

Aliyemwandika kwa mara ya kwanza ni Mfaransa, Alphonse Milne-Edwards, mwaka 1879, kutokana na dume changa lililotolewa Ghuba ya Mexico. Habari hiyo ilikuwa na uzito kwa wakati ule. Katika miaka ya 1840 mtaalamu wa Uingereza, Edward Forbes, alikuwa amedai kwamba chini ya mita kama 550 bahari haina kiumbe hai chochote, na watu wengi wenye elimu walimwamini. Halafu kutoka hukohuko kunakosemwa ni kutupu anapanda mnyama mkubwa kama huyu, mwenye macho yenye vioo vidogo karibu elfu nne kila moja.

Na sasa jambo lililonifurahisha mimi, ambalo sijaliona kwenye picha yoyote ya WhatsApp. Miaka minane baadaye, mwaka 1887, Milne-Edwards huyohuyo aliandika kwa mara ya kwanza kaa mwenye makucha makubwa ya kuvunjia konokono, anayeitwa Platythelphusa armata. Kaa huyo haishi popote duniani isipokuwa Ziwa Tanganyika. Watu wa Uvira, Baraka na Kalemie wanaishi jirani naye. Mkono mmoja huko Paris ulitoa jina kwa jitu la bahari na kwa kaa wa ziwa letu.

Kula leo, kula mwaka kesho

Maisha ya chini kule ni ya njaa. Mwanga wa jua haufiki, kwa hiyo hakuna jani linaloota. Chakula kinatoka juu: viumbe vidogo vilivyokufa, magamba, uchafu wa samaki, vyote vikishuka polepole siku na wiki. Fikiria majivu yanayoanguka uani wakati watu wanachoma mashamba yao upande wa pili wa mto. Mara mojamoja kinaanguka kitu kikubwa, nyangumi au samaki mkubwa, na hiyo ni sikukuu.

Ndiyo maana Bathynomus anajua kufunga. Kwenye nyumba ya maonyesho ya samaki ya Toba, Japani, kulikuwa na mmoja aliyekula mara ya mwisho tarehe 2 Januari 2009. Baada ya hapo wahudumu walimwekea chakula wakabadilisha, wakaweka tena wakabadilisha, naye akawa anakigusa tu na kukiacha. Alikufa tarehe 14 Februari 2014. Miaka mitano na siku 43 bila kula! Nilipomsimulia mama mdogo hilo, alisema anawafahamu watu wengi wanaolipwa mshahara kwa mtindo huo.

Chakula kikipatikana lakini, hana adabu. Mwaka 2019 watafiti wa Louisiana, Marekani, walichukua mamba watatu waliokufa, wa aina ile ya kwao, wakawafunga uzito na kuwashusha mita kama 2,000 chini ya Ghuba ya Mexico. Walitaka kujua kama wanyama wa chini wanaweza kula kitu kilichotoka mtoni na kwenye mabwawa. Haikupita siku moja, isopodi walikuwa wamefika kwa mamba wa kwanza, wametoboa ngozi ambayo sisi tunaijua ugumu wake, wanakula kutoka ndani. Wa pili, waliporudi baada ya siku 51, alibaki mifupa mitupu, na kwenye mifupa hiyo walikuta aina mpya ya mnyoo unaokula mifupa. Wa tatu walikuta uzito umeburutwa na kamba imekatwa. Wanamshuku papa.

Kuhusu ukubwa wake, wataalamu hawajakubaliana. Wengine wanasema ni baridi: mwili unatumia nguvu kidogo, unakua polepole, unaishi muda mrefu. Wengine wanasema mwili mkubwa unaweka akiba nyingi na unaweza kutembea mbali kutafuta mzoga. Wengine wanataja hewa ya oksijeni, ambayo maji ya baridi huibeba kwa wingi. Huenda wote wana kipande cha ukweli. Uzito wa maji wenyewe haumsumbui kama unavyofikiri. Mita 2,000 chini, kila sentimita ya mraba inabeba karibu kilo 200, yaani mifuko minne ya simenti juu ya ukucha wako wa kidole gumba. Lakini yeye hana hewa ndani ya mwili ya kukandamizwa. Maji yako ndani, maji yako nje, nguvu ni sawa.

Si yeye peke yake aliyekua hivyo. Huko Japani kuna kaa ambaye akinyoosha miguu, kutoka ncha hadi ncha anafika mita 3.7. Hebu mpime kwenye ukuta wa nyumba yako. Kuna pia Alicella gigantea, mweupe, jamaa wa vile vidudu vinavyorukaruka kwenye mchanga wa pwani. Wenzake wengi hawazidi ukubwa wa punje ya mchele au mahindi, yeye anafika sentimita 34. Kwa muda mrefu alihesabiwa kuwa mnyama adimu, lakini mwaka 2025 watafiti wa Australia walionyesha kwamba huenda anaweza kuishi katika zaidi ya nusu ya bahari zote za dunia. Kumbe sisi tu ndio hatukuwa tunashuka kumtafuta.

Mbona Tanganyika haina?

Swali hili liliulizwa kwenye kikundi na binamu yangu wa Kalemie, na ni swali zuri. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470. Kama ukubwa unaletwa na kina na giza, kaa wake wangekuwa wakubwa kama meza.

Kinachokosekana ni hewa. Baharini, maji ya baridi sana ya upande wa ncha za dunia yanazama na kutembea chini kabisa, yakibeba oksijeni mpaka kwenye mashimo marefu zaidi. Ziwa letu liko chini ya jua la kitropiki, maji ya juu ya vuguvugu yanakaa juu, ya chini yanabaki chini, hayachanganyiki. Kuanzia mita 100 au 200 hivi kwenda chini oksijeni inakwisha. Samaki wote, kaa wote, konokono wote wa Tanganyika wanaishi katika tabaka la juu, na chini yao kuna zaidi ya kilomita moja ya maji ambayo mnyama hawezi kupumua. Ziwa Kivu ni kali zaidi: oksijeni haivuki mita 60 au zaidi kidogo, na chini yake kuna gesi ambayo watu wa Goma na Bukavu wameisikia sana.

Kongo hata hivyo ina kina chake chenye uhai, na kiko mtoni. Kati ya Kinshasa na Matadi, mahali ambapo mto unabanwa na mawe, kuna sehemu zenye kina cha mita zaidi ya 200. Hakuna mto mwingine duniani unaojulikana kuwa na kina hicho. Humo anaishi samaki mdogo asiye na macho na asiye na rangi, Lamprologus lethops. Melanie Stiassny, wa nyumba ya makumbusho ya New York, aliyefanya utafiti huko miaka mingi, alieleza kwamba samaki hao wanapookotwa juu ya maji wanakuwa wanakufa, na ndani ya miili yao kuna mapovu ya hewa kama ya mzamiaji aliyepanda haraka mno. Wenyeji wanamwita Mondeli bureau: mzungu wa ofisini. Mweupe, hatoki nje, na haoni kitu. Sijui nani alitoa jina hilo lakini alistahili mshahara.

Njia ya jani

Sasa turudi kwenye uhusiano niliousema mwanzoni.

Mito mingi mikubwa ikifika baharini inamwaga matope yake mlangoni. Yanajengeka, yanakuwa delta, visiwa, mashamba. Tazama Nile. Mto Kongo haufanyi hivyo. Pale Banana na Muanda, kwenye ule mlango mwembamba wa pwani yetu, chini ya maji kuna korongo. Linaanza ndani ya mto wenyewe, kilomita karibu 30 kabla ya kufika bahari, na pale mlangoni kina chake kinapita mita 400. Kutoka hapo linashuka chini ya Atlantiki mamia ya kilomita, mpaka kwenye uwanda wa mita karibu 5,000.

Kwa hiyo jani linaloanguka kwenye mto Tshopo, kipande cha mti kilichoponyoka kwenye radeau ya wafanyabiashara wa mbao, fungu la Kongo ya sika lile gugu la zambarau linaloelea mbele ya bandari yetu, vina barabara. Vinapita Isangi, Bumba, Lisala, Mbandaka, Kinshasa, vinapondwa kwenye maporomoko ya chini, zaidi ya kilomita 2,000 kwa jumla, na vile ambavyo havikuoza njiani vinaingia kwenye korongo.

Vinakaa hapo, vikisubiri. Halafu siku moja vinaondoka vyote pamoja.

Mwishoni mwa mwaka 2019 mto ulifurika kwa kiasi ambacho hakikuonekana tangu miaka ya 1960. Wakaaji wa kando ya mto, kuanzia jimbo letu mpaka Kinshasa, hawajasahau. Tarehe 14 Januari 2020, matope yaliyojaa kwenye korongo yaliporomoka. Yalitembea siku mbili, zaidi ya kilomita 1,100, karibu safari ya ndege kutoka hapa hadi Kinshasa, na badala ya kupungua kasi yaliongeza: kutoka mita tano kwa sekunde mpaka mita nane. Hiyo ni karibu kilomita 29 kwa saa, mbio ambazo toleka yoyote hapa mjini haiwezi kuzifuata. Mkondo huo ulikata nyaya mbili za mawasiliano zilizolala chini ya bahari, SAT-3 na WACS. Intaneti ikaanza kutambaa kutoka Kongo mpaka Afrika Kusini. Sisi tulilaumu kampuni za simu.

Tunajua kasi hiyo kwa sababu watafiti walioongozwa na Peter Talling wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, walikuwa wametega vipimo kwenye korongo miezi michache kabla. Mkondo uling'oa vipimo vyenyewe, vikaelea juu, vikaanza kutuma ishara, na meli zikavifuata kuviokota vikiwa na habari ndani. Waliandika mwaka 2022 kwamba huo ulikuwa mkondo mrefu zaidi wa matope kuwahi kupimwa duniani. Mwezi wa Agosti 2023 nyaya hizohizo zilikatika tena hapohapo, ikabidi meli ya matengenezo itoke Cape Town.

Anayepata faida ni nani? Walio chini. Kuanzia miaka ya 2000, watafiti wa Kifaransa wa Ifremer wakishirikiana na kampuni ya mafuta ya Total walitazama sakafu ya bahari mbele ya mlango wa Kongo katika mradi walioupa jina la Biozaire. Kwenye kina cha mita 3,160 walikuta mahali panapoitwa Regab, shimo pana lenye upana wa mita 800 hivi, ambapo gesi ya methane inatoka kwenye matope. Pale hakuna jua, lakini kuna bustani: chaza wa aina yake kwa maelfu, minyoo mirefu inayoishi ndani ya mirija, na katikati yao kamba weupe wadogo wanaotembea wakitafuta chakula. Kamba hao wanaitwa Alvinocaris muricola. Ni ndugu wa mbali wa kosakosa wa mama mdogo. Mbali zaidi, mwishoni mwa korongo, kwenye kina cha mita karibu 5,000, kuna chaza wengine wanaoishi kwa gesi zinazotoka kwenye matope yaliyojaa mabaki ya mimea ya nchi kavu. Mimea hiyo ni misitu ya bonde letu.

Juu kidogo, kwenye mteremko wa pwani, kati ya mita 100 na 900 na kitu, anaishi kaa mwekundu wa Afrika Magharibi, Chaceon maritae, mwenye ganda la zaidi ya sentimita 15. Si jitu kama yule wa Japani, lakini ukimweka kwenye sahani sahani inajaa. Angola na Namibia wanamvua na kumuuza ng'ambo. Meli za Japani zilianza kumfuata huko Namibia tangu miaka ya 1970. Sisi tuna pwani ya kilomita 40 hivi, na ukienda sokoni Kisangani unakuta makrele wa barafu waliotoka Namibia.

Vingine vinavyoshuka

Barabara hiyo ya jani haina kizuizi. Kinachoelea kinapita.

Mwaka 2020 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walitoa jina kwa amfipodi mpya, mnyama wa jamii ileile ya Alicella, waliyempata kwenye shimo la Mariana, bahari ya Pasifiki, kati ya mita 6,000 na 7,000. Walimwita Eurythenes plasticus. Sababu ni kwamba ndani ya tumbo la mmoja wao walikuta kipande cha plastiki, aina ileile inayotengeneza chupa za maji ya kunywa. Mnyama alikuwa hajapata hata jina na tayari alikuwa amekula chupa yetu. Miaka mitatu kabla, 2017, watafiti wengine walikuwa wamekuta katika amfipodi wa hukohuko sumu za viwandani ambazo nchi nyingi zilizipiga marufuku tangu miaka ya 1970.

Nenda leo kwenye mfereji wowote wa Mangobo au Kabondo baada ya mvua, utaona mifuko ya maji ya kunywa, chupa, sandali, vyote vikishuka. Serikali ilitia sahihi amri tarehe 30 Desemba 2017 kukataza kutengeneza, kuingiza na kuuza mifuko ya plastiki. Nilinunua maji ya mfuko nikiandika makala hii, mbele ya ofisi ya serikali, na muuzaji hakujificha. Simlaumu: yeye anauza maji safi kwa watu wenye kiu, na bomba la mtaa wake halitoi kitu. Lakini mfuko ule, kama haukukwama kwenye majani ya Kongo ya sika, una safari ya kilomita 2,000 na korongo linaloungoja.

Elimu ya kufuatilia hayo hapa kwetu ipo. Mwaka 2010, katika safari iliyoitwa Boyekoli Ebale Congo, yaani kujifunza mto Kongo kwa Kilingala, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kisangani pamoja na wenzao wa Ubelgiji walipita mtoni kwa wiki kadhaa kwenye mashua, wakikusanya samaki, mimea, wadudu, na kurudi na vitu vingi ambavyo sayansi haikuwa navyo. Baada yake jengo la kituo cha uchunguzi wa bioanuwai lilifunguliwa kwenye chuo. Kama una mnyama usiyemfahamu kwenye kikapu chako, wapelekee. Ni karibu kuliko WhatsApp.

Kuhusu ile picha, nilifanya kazi iliyobaki. Niliitafuta kwenye intaneti kwa njia ya picha, nikakuta nyingine za mnyama huyohuyo kwenye kurasa za Marekani, Indonesia na Brazil, kila moja na hadithi yake. Glavu za buluu na sakafu ya chuma nyuma ya mwanaume ni vya melini, na mtu yeyote aliyewahi kufika Wagenia anajua kwamba pale hakuna chuma, kuna mawe, miti na kamba. Niliandika hayo kwenye kikundi. Watu watatu waliweka dole gumba. Mmoja akatuma tena picha ileile, safari hii ikisema amevuliwa Ubundu.

Jioni nilikwenda kwa mama mdogo. Alikuwa anageuza kosakosa wake juu ya moto, moshi umejaa uani, na nilimweleza yote, kuanzia Mfaransa wa 1879 mpaka nyaya zilizokatika. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza aliuliza jambo moja: huyo mnyama, analiwa?

Nilimjibu kwamba ndiyo. Huko Vietnam wavuvi wa kina kirefu wanawauza wakiwa hai kwenye hoteli kubwa, na wanaokula wanasema nyama yake inafanana na ya kamba mkubwa wa baharini. Hata mwaka 2025 aina mpya ilitambuliwa kutokana na wale walionunuliwa kwa wavuvi huko, mzito wa zaidi ya kilo moja, akaitwa Bathynomus vaderi kwa sababu kichwa chake kinafanana na kofia ya yule mtu mbaya wa filamu za Marekani, Darth Vader.

Mama mdogo aligeuza kosakosa wengine wawili, kisha akauliza kilo ni bei gani.